Barazani kwa Wazazi na Waalimu: Mgeni Aliyekosea Mlango

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za kijana mmoja wa Kijapani, jina lake Yoshihiro Hattori, ambaye rafiki zake walimwita Yoshi. Alikwenda Marekani kusoma, wala hakurudi akiwa hai. Habari hii ni ya mwaka 1992, na wengi wenu mlio vijana hamkupata kuisikia. Twaileta barazani kwa sababu mbili. Ya kwanza, siku hizi nyumba nyingi zina mtoto aliye ng'ambo kwa masomo, au zatazamia kumpeleka mtoto. Basi ni vema wazazi wamkumbuke mtoto wa wenzao aliyefia ugenini. Ya pili, baba yake na mama yake, baada ya msiba wao, walifanya jambo ambalo twaona halifai kusahauliwa.

Yoshi alizaliwa tarehe 22 Novemba 1975 katika Nagoya, mji mkubwa wa viwanda katika kisiwa cha Honshu. Baba yake ni Bwana Masaichi Hattori, na mama yake ni Bibi Mieko. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu. Waliomjua walimsifu kuwa ni kijana mchangamfu mno, mwepesi wa mwendo, asiyeona haya mbele za watu wapya. Alipenda mchezo wa raga, na kuvua samaki, na kucheza dansi. Wasomaji wauweke moyoni uchangamfu wake huo, maana mbele kidogo tutauona tena.

Chama kilichompeleka Marekani huitwa AFS, nacho asili yake ni ya kuangaliwa. Katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1915, Wamarekani kadha wa kadha walikwenda Ufaransa kwa hiari yao, wakaendesha magari ya kuchukulia majeruhi. Walifanya kazi hiyo tena katika vita vikuu vya pili. Hata vita vilipokwisha, watu hao waliokuwa wamebeba vijana waliovunjika na kukatika wakashauriana, wakaona ya kuwa watu waliokula chungu kimoja hawawi wepesi wa kupigana. Basi tangu mwaka 1947 wakaanza kazi ya namna nyingine, kuwapeleka wanafunzi katika nchi za wenzao, kijana akakae katika nyumba ya watu asiowajua, ale chakula chao, asome katika shule yao, na kusema lugha yao, kisha arudi kwao akiwa na baba wawili na mama wawili. Yoshi alipata msaada wa fedha za masomo kwa njia hiyo, na mwezi wa Agosti 1992 akawaaga wazazi wake. Umri wake ulikuwa miaka 16.

Alifikia mji wa Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Waliompokea ni jamaa ya Haymaker. Baba mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu, na mama alikuwa daktari. Nao walikuwa na mwana wa rika moja na Yoshi. Vijana hao wawili wakawa kama ndugu, wakienda pamoja na kurudi pamoja. Kiingereza cha Yoshi kilikuwa bado kichanga, walakini hakukaa kimya kwa sababu hiyo. Alisema kwa maneno aliyokuwa nayo, na palipokosekana neno alisema kwa mikono na kwa kucheka.

Sasa yafaa tueleze desturi moja ya nchi ile. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, yaani mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wa Marekani huvaa mavazi ya kigeni na ya kuchekesha, na watoto huenda mlango kwa mlango wakiomba peremende. Siku zilizo kabla ya usiku huo watu hufanya karamu, nao wenye nyumba hupamba milango yao. Basi Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1992, Yoshi na mwana wa Haymaker walialikwa katika karamu ya namna hiyo, iliyofanywa kwa ajili ya wanafunzi wa Kijapani. Yoshi alivaa koti jeupe, kwa kumwiga mchezaji dansi wa sinema. Mwenzake alikuwa amejifunga bendeji, akajifanya kama mtu aliyepatwa na ajali.

Yapata saa mbili za usiku wakafika katika mtaa ule, wakaitafuta nyumba. Namba za nyumba mbili zilikuwa na tarakimu zilezile, ila zilibadilishana mahali. Tena nyumba waliyoiona ilikuwa na mapambo mlangoni kama iliyo tayari kwa karamu. Wakasimamisha gari, wakaenda, wakapiga kengele. Ilikuwa si nyumba yenyewe.

Mlango wa mbele haukufunguliwa. Mwanamke mwenye nyumba alichungulia kwa mlango wa ubavuni, akamwona kijana aliyefungwa bendeji, kisha akamwona na mwingine akija kwa haraka. Akaogopa, akaufunga mlango kwa kishindo, akamwita mumewe alete bastola. Wale vijana wakafahamu ya kuwa wamekosea, wakageuka kurudi garini. Mara mlango ule wa ubavuni ukafunguliwa tena, na mume akasimama hapo na bastola mkononi. Yoshi aliposikia mlango umefunguliwa, alirudi kwa uchangamfu wake wa siku zote, akamwendea yule bwana, huku akimwambia kwamba wamekuja kwa karamu. Yule bwana akatamka neno moja la Kiingereza, "freeze". Mwana wa Haymaker alipoiona bastola alimwita mwenzake arudi. Yoshi hakusimama. Bastola ikalia mara moja, ikampiga kifuani, akaanguka. Akafa katika gari la wagonjwa kabla ya kufika hospitali. Saa ile, kwao Nagoya, ilikuwa Jumapili asubuhi, na jua limekwisha kupanda.

Waalimu, tusimame kidogo hapa, maana neno lile lawahusu ninyi. Maana yake hasa ni kuganda, kama maji yanavyoganda yakawa barafu, na kwa maana hiyo kila mwanafunzi hulisoma kitabuni. Lakini katika vinywa vya askari wa Marekani, na vya mtu yeyote aliyeshika silaha, neno hilohilo ni amri, yaani simama papo hapo, usijitikise. Watu wengi walidhani ya kuwa Yoshi alisikia "please", neno la adabu, ambalo maana yake ni tafadhali. Maneno haya mawili hukaribiana katika sikio la mgeni. Alivyosikia hasa hakuna awezaye kutuambia. Lakini huko Japani wazazi na waalimu walishtuka sana, wakaulizana: Watoto wetu wasoma Kiingereza miaka mingi, wajua kanuni za sarufi na maneno ya vitabuni, mbona hatukuwafundisha neno ambalo lingeweza kuwaokoa? Wahenga wetu walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Yoshi ilikuwa neno moja.

Walakini tusidhani ya kuwa neno pekee ndilo lililomwua. Sisi Waswahili tuna neno letu la mlangoni, ambalo huenda hatujui thamani yake kwa kulizoea. Mtu akija hupaza sauti, "Hodi!" naye husimama nje asubiri. Aliye ndani huuliza, "Nani?" na aliye nje hulitaja jina lake. Hapo tena huitikiwa, "Karibu," au huambiwa arudi wakati mwingine. Ni maneno mafupi, lakini kati ya hodi na karibu pana nafasi, na katika nafasi hiyo hofu hupata kutulia na akili hupata kufanya kazi. Usiku ule nafasi hiyo haikupatikana. Mke alipoona asichokifahamu aliita silaha; mume alipoitwa alikimbilia silaha. Hakuna aliyeuliza, "Ni nani?" Wala hawakuwa wanyang'anyi, wala watu wenye kisa na Wajapani. Walikuwa mume na mke waliokuwa nyumbani kwao na watoto wao, jioni ya Jumamosi, wakaingiwa na hofu. Na hofu ile ilikuta chombo cha kuua ki karibu. Ingalikuta mlango uliofungwa tu, Yoshi angalirudi garini na kuitafuta ile nyumba nyingine.

Yule bwana alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kesi ilikuwa mwezi wa Mei 1993. Sheria ya Louisiana humruhusu mwenye nyumba kutumia nguvu, hata ya kuua, akiwa na sababu ya haki ya kuamini ya kwamba yumo hatarini. Alieleza mbele ya mahakama hofu iliyompata, akasema kwamba anasikitika kwa yaliyotokea. Raia kumi na wawili waliochaguliwa kuamua wakashauriana kwa muda wa saa tatu na zaidi kidogo, kisha tarehe 23 Mei wakatoa neno lao kwamba hana hatia. Watu wengi wa Japani walipoisikia hukumu hiyo walipigwa na bumbuazi. Katika nchi yao, chini ya sheria ya mwaka 1958, raia hana ruhusa ya kuweka bastola nyumbani, na bunduki ya kuwinda haipatikani ila kwa masharti mengi na uchunguzi mrefu. Hawakuweza kufahamu jinsi mtu anavyoweza kumpiga risasi kijana asiye na silaha, aliyekuja kuuliza njia ya karamu, kisha akarudi nyumbani kwake.

Sasa twafika kwa wazazi. Wasomaji, jitieni katika nafasi ya Bwana Masaichi na Bibi Mieko. Mmempeleka mtoto akapendane na watu wa nchi nyingine, mmerudishiwa maiti. Watu wangapi wangalisema, Na ilaaniwe nchi ile na kila atokaye huko? Na watu wangapi wangalifunga mlango wao na moyo wao, wasitake kusikia tena habari ya wageni? Wala nani angaliwalaumu?

Wao hawakufanya hivyo. Waliandika hati ya kuwaomba wakubwa wa Marekani waondoe wepesi wa kupata silaha katika nyumba za raia, wakaipeleka kwa watu wa Japani watie saini. Watu 1,700,000 wakatia saini. Nao jamaa ya Haymaker, ambao huzuni yao haikuwa ndogo, maana kijana alikuwa katika dhamana yao, walifanya kazi hiyohiyo kati ya Wamarekani wenzao, wakapata saini zaidi ya laki moja. Angalieni jambo hili: nyumba mbili ambazo shetani wa lawama angaliweza kuzifarakisha, moja ikisema "Mlimtunzaje mtoto wetu?" na ya pili ikijificha kwa haya, zilishikana mikono zikawa kitu kimoja. Tarehe 16 Novemba 1993 wazazi wa Yoshi wakapokewa na Rais Bill Clinton mjini Washington, wakamweleza haja yao uso kwa uso.

Siku chache baadaye, tarehe 30 Novemba 1993, Rais akatia saini sheria iitwayo sheria ya Brady, kwa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan, aliyepigwa risasi kichwani mwaka 1981. Sheria hiyo ilitaka mtu anunuaye bastola dukani achunguzwe kwanza kama hakupata kutiwa hatiani kwa makosa makubwa, tena angoje siku tano. Kungoja huko kulidumu hata mwaka 1998, ulipoanza uchunguzi wa papo hapo. Balozi wa Marekani katika Japani, Bwana Walter Mondale, akawapa wazazi wa Yoshi nakala ya sheria ile. Hatusemi kwamba ni wao peke yao walioileta, kwani Wamarekani wengi waliipigania miaka mingi. Wala haikuziondoa silaha zilizokuwa zimekwisha kuwamo majumbani, jambo ambalo hasa ndilo walilokuwa wameliomba. Mtu akipanda mbegu si lazima avune yote aliyoyatazamia. Lakini walipanda.

Baadaye wakamshtaki yule bwana kwa kesi ya madai. Safari hii jaji aliyesikiliza peke yake, mwezi wa Septemba 1994, aliamua ya kwamba hapakuwa na sababu ya haki ya kumpiga risasi kijana yule, akaamuru wazazi walipwe zaidi ya dola 650,000. Kampuni ya bima ikalipa dola 100,000. Je, wazazi walifanya nini na fedha hizo? Hawakujenga nyumba. Walizigawanya mafungu mawili. Fungu moja likawasaidia watu wa Marekani wanaotaka sheria kali za silaha. Na fungu la pili, wasomaji wetu, liliwekwa kwa jina la Yoshi ili kuwasaidia wanafunzi wa Kimarekani waende Japani, wakae katika nyumba za Wajapani, wale wali wao, na kujifunza lugha yao. Watoto wa nchi ile ile alimofia mwana wao ndio waliowafungulia njia. Naam, mtoto wao aliuawa katika mlango wa watu walioogopa mgeni, nao wakajibu kwa kuufungua mlango wa nchi yao kwa wageni.

Twaona hapa elimu kubwa kuliko sheria yoyote. Mfiwa asizuiwe kulia. Basi na alie. Lakini baada ya kulia huja siku ambayo matanga yameondoka, majamvi yamekunjwa, na watu wamekwenda zao. Siku hiyo kila aliyefiwa hukutana na swali: Hiki nilichoachiwa nitakifanyia nini? Kumkumbuka marehemu si kutundika picha yake ukutani tu, ingawa picha ni nzuri. Kumkumbuka ni kuuliza, Yeye alitaka nini? Yoshi alitaka kuwajua watu. Wazazi wake waliliendeleza hilo, wakalipeleka mbele kuliko alivyoweza kulipeleka mwenyewe katika miezi miwili ya ugenini.

Basi twawapa wazazi na waalimu mashauri machache, tuliyoyaona katika habari hii.

Wazazi mnaopeleka mtoto ng'ambo, msimwandalie nguo na nauli tu. Mwulizeni: Waijua namba ya nyumba utakayokaa? Wajua namna watu wa kule wanavyobisha mlango, na namna wanavyotahadharisha mtu? Wamjua wa kumwita usiku ukipotea njia? Wala msimtishe hata akaogopa kila uso mgeni, maana mtoto aliyejaa hofu hapati faida ya safari yake. Mpeni tahadhari na ujasiri pamoja, kama mtu apewavyo taa na fimbo.

Waalimu, mnapofundisha lugha ya kigeni, fundisheni na maneno ya hatari mapema, kabla ya mashairi na barua za adabu. Simama. Rudi nyuma. Usiguse. Inama. Nisaidieni. Sifahamu, sema tena. Mwambieni mwanafunzi ya kuwa kusema "sifahamu" si aibu, kwani kuuliza si ujinga. Naye azoee kulisikia neno likitamkwa kwa haraka na kwa ukali, si kwa sauti ya darasani peke yake.

Nanyi wenyeji, ambao wanafunzi wa nchi nyingine huja katika miji yenu na kupanga vyumba katika mitaa yenu, kumbukeni ya kwamba kila mgeni kijana ana mama mahali fulani ahesabuye tofauti ya saa ili ajue mwanawe amelala au ameamka. Akibisha mlango usio wake, mwulizeni jina lake. Akikosea neno, mrudishieni polepole. Mwonyesheni nyumba anayoitafuta, na ikiwa ni usiku, mtu amsindikize.

Yoshi hangekuwa kijana leo. Angekuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto wa kupeleka ng'ambo. Hakuyafikia hayo. Lakini wako watu wazima katika Marekani leo ambao walipokuwa wanafunzi walivuka bahari kwenda Japani kwa fedha zilizowekwa kwa jina lake, wakafikia mlango wa watu wasiowajua, wakabisha, na wenye nyumba wakawafungulia, wakawaambia waingie.